Nesi wa presha anakuuliza habari za usingizi: anatafuta nini?

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya presha. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukidhani tumewahi, kumbe benchi limeshajaa wazee, kila mmoja na daftari lake mkononi. Zamu yetu ilipofika nesi alimfunga shangazi mkanda wa mashine mkononi, akasoma namba, akaandika. Sote tulijua kinachofuata: nenda dirisha la dawa. Safari hii nesi akavuta karatasi nyingine.

"Mama, hizi wiki mbili zilizopita, umewahi kukosa hamu ya kufanya mambo yako ya kila siku?"

Shangazi akanitazama mimi, kisha akamtazama nesi. "Mwanangu, mimi nimekuja kwa presha. Kwani hapa Milembe?"

Mlango ulikuwa wazi, benchi zima likacheka. Nesi naye akacheka, ila hakuiacha karatasi yake.

Tangu siku hiyo nimesikia swali la shangazi likirudi kwa sura nyingi. Redioni wanatangaza kwamba huduma za afya ya akili zitaunganishwa na huduma za kawaida, na kila mtu anasikia lake. Mmoja anaelewa kwamba zahanati ya mtaani kwake itapata wodi ya vichaa. Mwingine anaelewa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ambayo shangazi aliiita Milembe, inafungwa. Wa tatu, ambaye sukari yake inasumbua, anaona serikali imeamua kwamba kila mwenye sukari ana kasoro kichwani. Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko imo humo. Afya ya akili si jina la ugonjwa. Ni kama kusema afya ya meno: kila mwenye meno anayo, iwe nzuri au mbovu. Siku hizi vijana wanasema "yule ana afya ya akili" wakimaanisha mwenzao anaumwa, na mtu mzima akisikia hivyo anashindwa kujua acheke au asikitike. Msongo wa mawazo nao ni mzigo: ada ya shule, kodi ya nyumba, mgonjwa aliyelala ndani. Mzigo ukitua, mtu hupumua. Sonona ni jambo jingine. Hapo mzigo unaweza kutua na mtu asipumue. Huzuni au kukosa hamu hudumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na kula huvurugika, na mtu huanza kushindwa kazi alizokuwa anazimudu akiwa nusu usingizini.

Kuna pia wasiwasi uliopitiliza, ule wa moyo kwenda mbio bila kukimbizwa. Halafu yapo magonjwa makali, kama yale ya mtu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Neno "kichaa" likitamkwa, wengi wetu tunafikiria hayo ya mwisho tu, ilhali ndiyo machache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo fulani la afya ya akili, na yaliyoongoza ni wasiwasi na sonona. Watu wa aina hiyo hawatembei uchi barabarani. Wamekaa kwenye benchi la kliniki na daftari mkononi.

Sasa kuunganisha. Maana yake ni kwamba anayekupima presha, sukari, VVU au ujauzito ndiye huyohuyo anayekuuliza kuhusu akili yako, na akikuta jambo, anacho cha kufanya palepale kabla hajafikiria kukuandikia rufaa.

Zipo ngazi za kuunganisha, na mimi huzielewa kwa chakula. Unaweza kupika wali nyumba hii na maharage nyumba ya pili, anayetaka kula vyote akatembea. Huo ndio mfumo wa rufaa tuliouzoea: kliniki ya presha hapa, daktari wa akili mkoani, na nauli juu yako. Unaweza kuweka wali na maharage kwenye sahani moja, kila kimoja upande wake: mnasihi amepewa chumba ndani ya hospitali hiyohiyo, mlango wa tatu kushoto. Halafu kuna pilau. Huwezi kumwambia mtu akutolee binzari apeleke chumba cha pili. Imeshaingia kwenye kila punje. Daktari, nesi, mnasihi na mfamasia wanatumia daftari moja na mpango mmoja kwa mgonjwa mmoja. Wanasiasa wakisema "tumeunganisha", mara nyingi wanamaanisha sahani. Walioona matokeo ya kweli, nitakaowaeleza mbele, walipika pilau.

Kwa nini vilitengana

Kutengana kwenyewe hakukuanza kwa sababu ya kitabibu. Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani walianza kuwapokea wagonjwa wa akili Lutindi, kwenye milima ya Usambara. Mwaka 1910 Waingereza wakafungua hospitali ya vichaa Nairobi, ambayo leo tunaijua kama Mathari. Dodoma ikapata Mirembe wakati wa utawala wa Mwingereza, na Unguja ina Kidongo Chekundu. Hospitali za namna hii zilianza kwa wazo la kumweka mtu kando, mji ukae salama na yeye asionekane. Matokeo yake majina hayo yakawa matusi. Dodoma watoto wanataniana kwa Milembe, Nairobi kwa Mathare, Unguja kwa Kidongo Chekundu, na hakuna anayetaniwa kwa jina la hospitali anakotibiwa moyo.

Wanaodhani wazo la kuunganisha limeletwa jana na wafadhili, historia inawakatalia. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza afya ya msingi kuwa ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa tayari inajaribu, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuwatibu wagonjwa wa akili na wa kifafa karibu na makwao. Shirika la Afya Duniani lilikuja na mpango wake wa kuziba pengo la huduma hizi mwaka 2008, na mwongozo kwa watumishi wasio mabingwa ukafuata mwaka 2010. Ni zaidi ya miaka 20 baada ya Morogoro.

Akili inavyofika hospitali

Mtu wa kwetu haendi zahanati akasema "nina sonona". Anasema kichwa kinamuuma, hasa utosini. Mwili unawaka moto lakini kipimajoto hakioni homa. Kuna kitu kinatambaa kichwani kama sisimizi. Tumbo limejaa gesi. Usingizi unakata saa nane usiku na haurudi. Daktari, aliye na watu 50 nje, anasikia kichwa na homa na tumbo. Anampima malaria, hana. Anampima taifodi, anaambiwa anayo kidogo. Anampima mkojo, imo U.T.I. Anaondoka na mfuko wa dawa, na baada ya mwezi yuko palepale. Kila mtaa una mtu mwenye "taifodi sugu" ya miaka minne. Sisemi taifodi haipo. Ipo, na inaua. Nasema kuna watu wanaotibiwa taifodi kila robo mwaka kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wanawaza nini saa nane usiku.

Hawadanganyi. Kichwa kinauma kweli. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na figo, na mtu asiyelala wiki tatu lazima mwili umdai.

Upande wa pili ni huu: magonjwa ya mwili yanajua kuvaa nguo za wazimu. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, vyote vinaweza kumfanya mtu aongee visivyoeleweka au abadilike tabia. Mwenye homa aliyeanza ghafla kuropoka ni mgonjwa wa dharura. Asianze kwa mganga wala kwa maombi. Apelekwe hospitali leo hii, mengine yatafuata. Na yule aliyeshaandikwa kwamba ana ugonjwa mkali wa akili naye ana hasara yake: akilalamika kifua, anaambiwa ni yale mambo yake. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na wengi wao hufa kwa magonjwa ya mwili yanayotibika. Kwa hiyo kazi ya kuunganisha inakwenda pande zote mbili. Mpime akili mwenye presha, na mpime presha mwenye ugonjwa wa akili.

Sukari ndiyo inayonifundisha zaidi. Ni ugonjwa unaomtaka mtu ajipende kila siku: apime, ameze dawa au ajichome sindano, ahesabu ugali, akague nyayo zake jioni. Sonona inaiba hichohicho cha kujipenda. Na wenye kisukari hupata sonona mara mbili hadi tatu zaidi ya wasio nayo. Daktari anayeongeza dozi ya dawa za sukari kila mwezi bila kuuliza kwa nini mgonjwa hazimezi ni fundi anayeongeza maji kwenye tangi lenye tundu. Wenye VVU na dawa zao za kila siku, hadithi ni ileile. Na mama aliyejifungua anayekuja kliniki kupima mtoto: mtoto anawekwa kwenye mizani, uzito unachorwa kwenye kadi, mama hakuna anayemuuliza chochote.

Karatasi ya nesi

Karatasi aliyokuwa nayo nesi wetu ina maswali 9. Inaitwa PHQ-9, ilitungwa na madaktari wa Marekani ikachapishwa mwaka 2001, na ipo kwa Kiswahili. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza mawazo, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mwisho mawazo ya kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kutoka "sijapata kabisa" hadi "karibu kila siku". Jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 10, mhudumu anapaswa kukaa na wewe vizuri zaidi.

Ichukulie kama mashine ya presha. Anayekupima presha si bingwa wa moyo, na hatuoni ajabu. Namba ikisoma 150 umetoka kupanda ngazi, hakuna anayekwambia wewe ni mgonjwa maisha yako yote. Unaambiwa kaa, pumzika, tupime tena. Alama 12 kwenye karatasi ile ni ya namna hiyo. Inagonga mlango, haijaingia ndani. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita anaweza kupata alama 12 na akawa ni mfiwa tu.

Ugumu uko kwenye lugha. Ukimuuliza mtu "umekuwa ukijisikia vibaya?" atakujibu kwamba ndiyo, juzi alitapika. Kwa Kiswahili kujisikia vibaya ni tumbo kabla ya kuwa moyo. Mhudumu mwenye sikio anauliza kama moyo umekuwa mzito, kama amekata tamaa, kama ana mawazo mengi. Hilo la mawazo mengi ndilo linalotoa watu machozi. Majirani zetu Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na madaktari wa Harare walipoacha kutafuta "sonona" wakaanza kuuliza kuhusu kufungisisa, watu wakaongea.

Harare ndiko pilau ilikopikwa kwa moto wa kuni. Daktari wa akili Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma kwenye kliniki za mtaa wa Mbare mwaka 2006. Manesi walikuwa wamezidiwa na kazi, na chumba cha kumpa hakikuwapo. Kilichopatikana ni bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, na nafasi iliyokuwepo ni nje. Wakaweka benchi. Bibi anaketi na mgonjwa aliyetumwa na kliniki baada ya kuulizwa maswali, na wanapita hatua tatu zenye majina ya Kishona: kuvhura pfungwa, kufungua mawazo, kusimudzira, kumwinua mtu, na kusimbisa, kumtia nguvu.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye kazi, kwa hiyo niiweke kwa mfano wa kwetu. Mama amekuja na kichwa. Akiulizwa, linamwagika rundo: mume ameondoka, deni la kikoba, mtoto amefukuzwa ada, mama mkwe anamsema. Bibi hamwambii avumilie, wala hamwambii Mungu yupo, ingawa wote wawili wanalijua hilo. Anamwomba ataje yote, kisha achague moja, lile analoweza kulisogeza wiki hii. Mume hawezi kumrudisha wiki hii. Deni anaweza kuligusa. Nani wa kuongea naye? Mwenyekiti wa kikoba. Lini? Alhamisi, siku ya mkutano. Atasema nini? Wanayapanga maneno yenyewe palepale kwenye benchi. Wiki ijayo akirudi, swali la kwanza ni Alhamisi ilikwendaje.

Hayo yakapimwa kitafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watu 573 wa kliniki 24 za Harare: nusu ya kliniki zilitumia benchi, nusu zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona kwenye kundi la huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 50. Kwenye kundi la mabibi, karibu asilimia 14. Sasa mabenchi hayo yamefika nchi nyingine pia, zikiwemo Malawi na kwetu Zanzibar.

Marekani nao, wenye mabingwa wengi kuliko sisi, walifika kwenye jibu linalofanana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wazee 1,801 wenye sonona katika kliniki 18 za kawaida. Kundi moja lilitibiwa kama siku zote. La pili lilipewa mtu wa kuwafuatilia: nesi au mwanasaikolojia anayempigia mzee simu, anarudia karatasi ya maswali, anaangalia kama alama zinashuka, na zisiposhuka anamwambia daktari abadilishe. Daktari wa akili hakuhitaji kumwona kila mzee. Alikaa na yule mfuatiliaji mara kwa mara, wakapitia orodha, akashauri. Baada ya mwaka, karibu nusu ya wazee wa kundi la pili walikuwa na dalili pungufu kwa nusu au zaidi. Kundi la kawaida, asilimia 19.

Linganisha Harare na Marekani. Fedha tofauti, elimu ya wahudumu tofauti, hata nadharia za tiba zinatofautiana. Kilicho sawa ni mtu anayeuliza "Alhamisi ilikwendaje?" Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa jambo zima, na ndio unaosahaulika wizara inapochapisha karatasi za maswali kwa maelfu. Kumuuliza mtu maswali 9 ya ndani kabisa kisha usimfuatilie ni kumvua nguo na kumwacha barabarani.

Wanayoyasema watu

Wanasema dawa za akili hukufanya mtumwa wa dawa maisha yako yote. Inategemea dawa ipi. Diazepam, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium na wanajinunulia dukani ili walale, ndiyo inayozoesha mwili. Dawa za sonona kama fluoxetine hazileti uteja wa namna hiyo, ingawa hazitakiwi kukatwa ghafla bila kumwambia daktari. Shida yake ni uvivu: huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, na siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo anaitupa siku ya tano, akiwa amepata kichefuchefu bila nafuu. Na wengi wenye sonona ndogo hawahitaji dawa kabisa.

Wanasema kumuuliza mtu kama anawaza kujiua ni kumfundisha. Tafiti hazikuona hivyo. Aliyekuwa hawazi anasema hapana na maisha yanaendelea. Aliyekuwa anawaza mara nyingi anapumua, kwa kuwa amepata wa kumwambia. Hofu iliyo na msingi ni nyingine, ya polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Sasa jiweke kwenye kiti cha mgonjwa: nesi anauliza swali la tisa, na wewe ulishamsikia jirani yako aliyeokolewa akakutana na askari wodini. Utajibu ukweli? Sheria hiyo inaziba mdomo uleule ambao wizara inataka uzungumze.

La dini na tiba asili nalipita haraka. Hakuna anayekuzuia kusali. Ukimeza dawa za presha unaendelea kusali, na hapa ni vilevile.

Na wanasema haiwezekani, madaktari wa akili ni wa kuhesabika. Ni kweli ni wachache, na ndiyo sababu hasa ya kuunganisha. Bingwa mmoja anayekaa chumbani anaona wagonjwa anaowaona. Bingwa huyo akiwafundisha watu wa vituo 20 na kuwapigia simu kila wiki, anawafikia mamia. Mirembe haifungwi, inabaki kwa wale wanaohitaji wodi na bingwa, kama Muhimbili inavyobaki ingawa zahanati inatibu malaria.

Penye ubovu pasemwe. Nesi anapelekwa semina ya siku tano, anarudi amewiva, baada ya miezi minne anahamishiwa wilaya nyingine au wodi ya wazazi, na ujuzi unaondoka naye kwenye basi. Dawa zinaandikwa kisha dirishani zinakosekana. Chumba cha faragha hakuna. Kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za vituo vya afya, aliyekuja na kichwa akaondoka na panadol anahesabika kuwa ni kichwa, kwa hiyo hata wanaopanga bajeti wanaona vichwa tu. Na bajeti yenyewe: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, serikali kwa wastani hutumia karibu asilimia 2 tu ya fedha zao za afya kwenye afya ya akili. Mhudumu anaongezewa maswali 9 kwenye foleni ileile ya watu 50, kwa mshahara uleule. Akiyauliza kwa kukimbia huku anaandika, simlaumu sana.

Wewe uliye upande huu wa meza unaweza kumrahisishia. Ukiingia usiseme tu "nina mawazo", maana kila mtu anayo. Sema siku na kazi: silali vizuri wiki ya tatu sasa, nimeacha kwenda genge, jana nimekaa na sufuria mkononi sikumbuki nilikuwa napika nini. Omba mlango ufungwe, ni haki yako. Na kama wewe au wa kwako yuko kwenye kutaka kujidhuru, msisubiri siku ya kliniki. Nendeni leo, na asiachwe peke yake njiani.

Shangazi alipata 12. Nesi alimwandikia kwenye daftari, chini ya presha, akakaa naye dakika kumi baada ya foleni kupungua, safari hii akiwa amefunga mlango. Sijui waliongea nini na sikuuliza. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili baadaye tulikuta nesi mwingine. Yule wa kwanza alikuwa amehamishwa. Huyu mpya, kijana mwenye heshima zake, akasalimia shikamoo, akafunga mkanda, akasoma presha, akaandika, akasema nenda dirisha la dawa. Nikainuka. Shangazi hakuinuka. Akalichukua daftari mezani, akalamba kidole, akarudisha kurasa mpaka akaipata ile aliyoitaka, akaiweka mbele ya kijana.

"Mwenzio aliniandikia 12," akamwambia. "Funga mlango, unipime tena."